Tiba ya fikra na mienendo: Jinsi mazungumzo yanavyomwinua aliyelemewa na unyogovu

KATIKA vijiji vya Wusi, kwenye milima ya Taita inayotazama nyanda za Mwatate na Voi, mtu hujulikana kwa saa anayoamkia. Ukungu ukiwa bado umetanda, jembe huwa limekwisha kusikika kwenye matuta ya mahindi, maharagwe na migomba. Kwa hivyo siku mlango wa nyumba fulani unapokawia kufunguliwa, majirani huuliza. Ukikawia juma zima, huanza kunong'ona. Ukikawia mwezi, jibu huwa limekwisha kupatikana: ni uvivu, ni pombe, ni laana ya ukoo, ama kuna mkono wa mtu.

Ni nadra kusikia likitajwa jibu la tano, kwamba huenda aliye ndani anaugua. Ilhali unyogovu, ambao baadhi ya wataalamu wa Tanzania huuita sonona, ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu. Una dalili zinazotambulika, una vipimo vyake, na una tiba. Mojawapo ya tiba hizo haipatikani katika kidonge wala sindano. Ni mazungumzo yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu, ambayo wataalamu huyaita tiba ya fikra na mienendo.

Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, ilikotoka, inavyofanya kazi, ushahidi uliopo Afrika Mashariki na kwingineko, na jinsi inavyoweza kumfaa mkazi wa kijiji kisicho na daktari wa maradhi ya akili.

Ugonjwa wenye dalili zake

Kila binadamu hupatwa na huzuni. Anayefiwa hulia, anayepoteza kazi hukosa usingizi, na anayeachwa na mpenzi hukataa chakula kwa siku kadhaa. Huo peke yake si ugonjwa. Unyogovu hutajwa pale ambapo huzuni nzito, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, hudumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, na kuandamana na dalili nyingine.

Dalili hizo ni pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupungua au kuongezeka kwa hamu ya chakula, uchovu usioisha hata baada ya kupumzika, kushindwa kumakinika, kujilaumu na kujiona si kitu, kuwa mzito wa kusema na kutembea, na kuwaza kifo au kujiua. Kwa wengi, mwili ndio hutangulia kulalamika. Mgonjwa hufika zahanati akieleza maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo, na moyo kwenda mbio. Hupewa dawa za maumivu au za malaria, akarudi nyumbani na kile kilichomleta.

Ili kuwasaidia wahudumu wa afya kuutambua ugonjwa huu, wataalamu walitunga hojaji fupi ya maswali 9, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika nchini Kenya. Kila swali huhusu wiki mbili zilizopita na hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Anayepata alama 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa makini. Hojaji yenyewe haitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini huufungua mlango wa mazungumzo.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na unyogovu. Wanawake huathirika zaidi ya wanaume, hasa wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Shirika hilo hilo husema kwamba zaidi ya watu 720,000 hufariki kila mwaka kwa kujiua, na unyogovu ni miongoni mwa mambo yanayowafikisha huko. Hapa ndipo msemo wa wahenga kwamba mficha maradhi kifo humuumbua unapopata maana yake kamili.

Lugha ya mawazo

Lugha za Afrika zilikuwa na majina ya hali hii kabla ya hospitali kufika. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu aliyeelemewa husemwa kuwa "ana mawazo", au kwamba "mawazo yamemzidi". Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nchini Uganda, watafiti waliofanya kazi na wazungumzaji wa Kiganda katika wilaya za Masaka na Rakai walikuta wanavijiji wakizieleza hali mbili wenyewe, moja yenye maana ya kujichukia na nyingine ya kujihurumia. Hali hizo zilikaribiana sana na ugonjwa ambao madaktari huuita unyogovu.

Watu wa Taita nao walikuwa na elimu yao kuhusu mzigo wa moyoni. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Grace Harris, aliyeishi miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kuhusu dini yao mnamo 1978, alieleza jinsi hasira iliyofungiwa moyoni ilivyoaminika kuleta maradhi na mikosi katika familia. Dawa yake ilikuwa ibada ya kutasa. Mwenye kinyongo alijaza kinywa pombe au maji ya miwa, akayatema kwa kuyanyunyiza huku akitamka kwamba ameiondoa hasira yake, na akiomba amani kwa waliohusika.

Ibada hiyo si tiba ya kisasa, na haifai kuchanganywa nayo. Hata hivyo, inaonyesha kwamba katika milima hii halikuwa jambo geni kwa mtu kukaa mbele ya wenzake, akataja kilichomo moyoni, na kutarajia kupata nafuu kwa kukitaja.

Daktari aliyebadili mawazo yake

Tiba ya fikra na mienendo ilianzishwa katika miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Beck alizaliwa mwaka wa 1921 na kufariki Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Alifunzwa katika mkondo wa Sigmund Freud, ambao uliufafanua unyogovu kuwa hasira ambayo mgonjwa huielekeza kwake mwenyewe badala ya kuielekeza kwa aliyemkosea.

Beck alitaka kuithibitisha nadharia hiyo kisayansi, akachunguza ndoto za wagonjwa wake. Alitarajia kukuta hasira. Alichokikuta ni kushindwa, kupoteza na kukataliwa. Alipowasikiliza kwa makini zaidi, aligundua kwamba vichwani mwao mlipita sentensi fupi, za haraka, zisizoalikwa: "Sifai", "Hakuna anayenijali", "Hali hii haitabadilika". Aliziita fikra zinazojitokeza zenyewe. Wagonjwa hawakuzihoji, bali walizichukua kuwa ni kweli tupu.

Alizipanga fikra hizo katika mafungu matatu: mtu anavyojiona, anavyouona ulimwengu unaomzunguka, na anavyoiona kesho yake. Kwa mgonjwa wa unyogovu, yote matatu huwa giza. Mnamo 1961 Beck na wenzake walichapisha kipimo cha unyogovu ambacho hutumika hadi leo, na mnamo 1979 wakatoa kitabu kilichoeleza tiba yenyewe hatua kwa hatua.

Beck hakuwa peke yake. Mwanasaikolojia Albert Ellis, naye wa Marekani, alikuwa ameanza katika miaka ya 1950 kuwafunza wagonjwa wake kuhoji imani zinazowaumiza. Wataalamu wengine walikuwa wakichunguza mienendo, yaani jinsi matendo yanavyojenga au kubomoa hisia. Mikondo hiyo miwili, wa fikra na wa mienendo, ndiyo iliyoungana na kuipa tiba hii jina lake. Wazo la msingi lenyewe ni la kale. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi, alikuwa akifunza takriban miaka 1,900 iliyopita kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe, bali ni hukumu anayolitolea jambo hilo.

Duara linalojizungusha

Tiba hii huanza kwa kumwonyesha mgonjwa kwamba fikra, hisia, mwili na matendo hushikana mikono katika duara. Tukio likitokea, fikra hupita. Fikra huzaa hisia. Hisia huugusa mwili, nao mwili ukichoka, mtu huacha kutenda. Anapoacha kutenda, hupata ushahidi mpya wa kuithibitisha ile fikra ya kwanza. Asiyekwenda mkutano wa kikundi kwa sababu anaamini hatakiwi, atakaa nyumbani peke yake, na upweke huo utamwambia kuwa kweli hatakiwi.

Kwa kuwa viungo vya duara hilo vimeshikana, kukilegeza kimoja hulegeza vingine. Si rahisi kumwamuru mtu aache kuhuzunika. Lakini inawezekana kumsaidia abadili anachokitenda leo asubuhi, au aipime upya sentensi inayompitia kichwani. Tiba huingilia katika sehemu hizo mbili.

Upande wa mienendo kwa kawaida hutangulia. Mgonjwa na mhudumu huandika orodha ya shughuli ndogo zilizokuwa zikimpa mgonjwa raha, au zilizokuwa zikimfanya ajione amekamilisha jambo. Kisha huchagua moja au mbili na kuzipangia siku na saa. Kanuni yake ni kwamba mtu asingoje hamu irudi ndipo atende, bali atende kidogo ili hamu ipate njia ya kurudi.

Upande wa fikra hufuata. Mgonjwa hujifunza kuinasa fikra inapopita, kuiandika au kuikariri, kisha kuiuliza maswali: Ushahidi unaoiunga mkono ni upi? Unaoipinga ni upi? Je, kuna maelezo mengine ya jambo hili? Ningemwambia nini rafiki yangu angekuwa na fikra kama hii? Hufundishwa pia mitego ambayo akili iliyougua hunasa kwayo: kuona mambo kuwa mazuri kabisa au mabaya kabisa, kutabiri maangamizi, kusoma mawazo ya wengine bila kuwauliza, na kulipuuza jema huku baya likikuzwa.

Vikao kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki, kila kimoja kwa muda wa saa moja hivi. Kozi kamili huwa na vikao baina ya 12 na 20, ingawa kuna mitaala mifupi ya vikao vitano au sita. Kila kikao huwa na ajenda, na mgonjwa huondoka na zoezi la kufanyia nyumbani. Zoezi hilo ni kiini cha tiba, kwa maana lengo ni mgonjwa awe mganga wa fikra zake mwenyewe hata vikao vitakapokwisha.

Mfano wa mama mkulima

Ufuatao ni mfano wa kubuni, uliotungwa kwa ajili ya kufafanua. Mama mmoja wa Wusi ana shamba dogo mlimani na jingine kule tambarare, kama walivyo wakulima wengi wa Taita. Msimu huu ndovu waliingia katika shamba la tambarare usiku na kuyakanyaga mahindi yote wiki chache kabla ya mavuno. Mbegu alizinunua kwa mkopo wa chama. Miezi miwili imepita. Haendi chamani, haendi kanisani, na watoto ndio wanaojipikia.

Fikra inayompitia kila alfajiri ni moja: "Mimi ni mkosi. Kila ninachokigusa huharibika."

Mhudumu aliyefunzwa hamwambii kwamba hasara yake ni ndogo, wala hamhimizi atabasamu. Mahindi yameliwa kweli, na deni ni la kweli. Anachokipima ni hukumu ambayo mama huyo amejitolea.

"Mama, ndovu wale waliingia kwako peke yako?" huenda akauliza.

"La. Walipita mashamba manne."

"Na jirani yako wa shamba la pili, ulipomwona analia, ulimwambia yeye ni mkosi?"

"Siwezi kumwambia hivyo. Nilimpelekea unga."

"Kwa nini yeye ulimpelekea unga, na nafsi yako ukaipelekea matusi?"

Swali la namna hiyo halikusudiwi kumshinda mgonjwa katika ubishi. Hukusudiwa kumpa nafasi aone kwamba anatumia mizani miwili, mmoja kwa wenzake na mwingine kwake. Mwishoni mwa kikao huenda akapata sentensi anayoweza kuiamini: "Nimepata hasara kubwa, kama walivyopata wenzangu, na nina deni ninalohitaji kulizungumzia." Sentensi hiyo haina furaha yoyote. Lakini inaacha mlango wazi, ilhali ile ya kwanza ilikuwa imeufunga.

Kisha huja matendo. Siku ya kwanza, aamke na kukaa nje kwenye jua kwa nusu saa. Siku ya tatu, apalilie mstari mmoja wa maharagwe pamoja na dada yake. Wiki ifuatayo, aende kwa mwekahazina wa chama kuomba muda wa kulipa, na apeleke ripoti ya hasara kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Shida inayoweza kutatuliwa hutafutiwa utatuzi. Ile isiyoweza kutatuliwa kwa sasa, mathalani fidia inayochelewa, hutengwa ili isiumeze muda wote wa siku.

Ikiwa mgonjwa hajui kusoma na kuandika, tiba haikomei hapo. Punje za mahindi zinaweza kuhesabiwa kutoka kopo moja hadi jingine kila shughuli inapokamilika, na fikra zinaweza kusimuliwa badala ya kuandikwa. Aidha, mazungumzo yanaweza kufanyika kwa Kitaita, kwa kuwa mtu hujilaumu kwa lugha aliyolelewa nayo.

Ushahidi kutoka mbali na karibu

Tiba ya fikra na mienendo ni miongoni mwa tiba za mazungumzo zilizochunguzwa zaidi duniani. Kwa unyogovu wa kadiri, matokeo yake hukaribiana na yale ya dawa, na kuziunganisha mbili hizo mara nyingi hufaa zaidi kuliko kutumia dawa pekee. Faida yake nyingine ni kwamba waliotibiwa kwa mazungumzo huwa na uwezekano mdogo wa kuugua tena kuliko waliotumia dawa kisha wakaziacha, kwa sababu ujuzi walioupata hubaki nao.

Swali gumu kwa nchi maskini lilikuwa iwapo tiba hii inaweza kutolewa na watu wasio madaktari. Jibu la mwanzo lenye uzito lilitoka Pakistan. Mnamo 2008, Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini karibu na Rawalpindi, ambapo wahudumu wa afya wa kijamii waliokuwa na elimu ya sekondari walifunzwa mbinu za tiba hii na kuwatembelea akina mama wajawazito waliokuwa na unyogovu. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa na wahudumu hao walikuwa bado na unyogovu, ikilinganishwa na asilimia 53 ya waliotembelewa na wahudumu wasiopata mafunzo hayo.

Katika Afrika, mfano unaotajwa sana ni ule wa benchi la urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa mwaka wa 2006 mjini Harare na daktari Dixon Chibanda. Akina nyanya waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati, wakiwaongoza kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, baada ya miezi sita takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa na nyanya hao walikuwa na dalili za unyogovu, huku kwa waliopata huduma ya kawaida ikiwa ni asilimia 50.

Uganda ilitangulia kwa tiba ya jamii hiyo hiyo, inayolenga mahusiano. Utafiti wa Masaka na Rakai uliochapishwa mwaka wa 2003 ulihusisha vijiji 30, ambapo vikundi vya wanaume na vya wanawake vilikutana kwa wiki 16 chini ya viongozi wa papo hapo waliofunzwa. Mwishoni, ni asilimia 6.5 tu ya waliokuwa katika vikundi waliokuwa bado na unyogovu mkubwa, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiokuwa katika vikundi.

Nchini Kenya, WHO lilisaidia kuujaribu mtaala wa vikao vitano katika viunga vya Nairobi, kwa zaidi ya wanawake 400, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Vikao viliongozwa na wahudumu wa afya wa kijamii na kufunza mambo manne: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kutatua shida, kurejea shughuli hatua kwa hatua, na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba dhiki ya wanawake hao ilipungua zaidi kuliko ya wale waliopelekwa zahanati pekee.

Isitoshe, utafiti uliofanyika Bungoma na Moshi, na kuchapishwa mwaka wa 2020, uliitumia aina ya tiba hii iliyotayarishwa kwa watoto waliofiwa na mzazi na kubaki na jeraha la moyo. Waliowahudumia hawakuwa madaktari bali washauri wa kawaida waliofunzwa. Watoto wengi walinufaika, ingawa manufaa hayakulingana katika kila eneo.

Hali ilivyo Taita Taveta

Madaktari wa maradhi ya akili nchini Kenya ni wachache mno wakilinganishwa na idadi ya watu, na walio wengi hufanya kazi Nairobi na miji mingine mikubwa. Mkazi wa Wusi anayehitaji huduma ya juu zaidi ya ile ya zahanati hulazimika kushuka Mwatate, kwenda hospitali ya Wesu karibu na Wundanyi, au kusafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Kwa mtu ambaye kuamka kitandani pekee ni kazi, nauli na safari hiyo ni ukuta.

Hii ndiyo sababu wengi hutazama jeshi jipya la wahudumu wa jamii. Mnamo Septemba 2023, serikali ya Kenya iliwazindua rasmi wahudumu wa afya wa kijamii wapatao 100,000, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Hao ndio wanaoujua mlango ambao haujafunguliwa kwa wiki mbili. Lakini kuwafunza kuongoza vikao huhitaji fedha, muda, na msimamizi mwenye ujuzi wa kuwasikiliza wao pia, kwani anayebeba siri za kijiji kizima naye huchoka.

Mfano wa karibu uko Makueni, kaunti jirani upande wa kaskazini. Huko watafiti wakiongozwa na David Ndetei na Victoria Mutiso waliwafunza wauguzi, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa kidini kuzitambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa zahanati. Hatua hiyo ilizingatia ukweli ambao kila mwanakijiji anaujua, kwamba wagonjwa wengi huanzia kwa mganga au kwa mchungaji kabla ya kufika kwa daktari.

Sheria nazo zimeanza kubadilika. Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022 iliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Na mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka katiba. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilizifunga midomo familia ambazo zilihofu kuwa kumpeleka mgonjwa hospitali ni sawa na kumpeleka kituo cha polisi.

Mipaka yake

Tiba ya fikra na mienendo si dawa ya kila kitu. Mgonjwa ambaye unyogovu umemzidi hata hali wala hazungumzi, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au ambaye vipindi vya huzuni hupokezana na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, anahitaji daktari na aghalabu dawa. Dawa kama fluoksetini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na haifai kuziacha ghafla bila ushauri. Anayetumia dawa hazuiwi kuhudhuria vikao.

Vilevile, si kila huzuni ni kosa la fikra. Mwanamke anayepigwa nyumbani hana haja ya kufundishwa kuutazama upya ubongo wake kabla ya kupata usalama. Mfanyakazi asiyelipwa hadanganywi na akili yake anapoona kuwa amedhulumiwa. Mhudumu mwema huanza kwa kuuliza mtu anaishi vipi, ndipo aulize anafikiri nini. Pia dalili nyingine huletwa na maradhi ya mwili, kama vile upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo, na ni busara kupimwa kwanza.

Tatizo jingine ni siri. Katika kijiji ambamo kila mtu ni shemeji wa mwenzake, mgonjwa atauliza ni nani atakayeyajua aliyoyasema. Anayetoa huduma hii hana budi kuahidi siri na kuitunza, na kueleza tangu mwanzo jambo moja litakalomlazimu kuivunja: hatari ya mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine.

Cha kufanya

Anayemshuku nduguye kuwa na unyogovu anashauriwa aanze kwa kumsikiliza bila kumhubiria. Maneno kama "jikaze" au "wenzako wana shida kubwa zaidi" humwongezea mgonjwa lawama ambazo tayari anazo tele. Kumuuliza mtu waziwazi iwapo anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kulisema. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa za kunyunyizia mashamba na kamba ziondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 ya kupiga bila malipo kwa ushauri na msaada.

Kwa ambaye hali yake si ya dharura, hatua ya kwanza ni zahanati iliyo karibu au mhudumu wa afya wa mtaa wake. Anaweza kuuliza maswali matatu: Je, nina unyogovu? Ni nani hapa aliyefunzwa tiba ya mazungumzo? Tutakutana mara ngapi? Tiba yenyewe haitampa siku zisizo na taabu, wala haitawazuia ndovu kurudi msimu ujao. Itakachompa ni uwezo wa kuisikia ile sentensi ya alfajiri, kuitambua kuwa ni sentensi tu, na kuamka kuufungua mlango.